Waraka wa Delhi Uliotoka Pasua

Kwa mamlaka niliyopewa na Bodi ya Elimu iliyoko Delhi, nawatangazia wazazi, walimu, wanafunzi na wapishi kwamba viwango vya taaluma katika shule yetu vilipandishwa rasmi siku ya Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, mbele ya bendera mbili na mlima mmoja.

Mamlaka hayo sikupewa. Nilijipa mwenyewe siku ya Jumamosi, kwenye duka la steshenari la shangazi yake Jesse kule mtaa wa Pasua, huku natafuna hindi la kuchoma.

Jina la shule nalihifadhi, kwa sababu mimi bado naihitaji, na yenyewe haijaamua kama bado inanihitaji. Itoshe kusema kwamba iko Moshi, upande wa kupandia mlimani, na kwamba inafuata mtaala wa India kuanzia chekechea hadi darasa la kumi na mbili. Mwaka wetu wa masomo unaanza Aprili, wakati watoto wa shule za jirani wameshachakaza sare. Mimi ni Loveness, wa darasa la kumi, mzaliwa wa Machame, mkaaji wa bweni tangu darasa la tano. Naweza kukutajia mito inayoingia Ganga kwa mpangilio, kushoto na kulia. Ukiniuliza mto unaopita nyuma ya kihamba cha bibi yangu, shamba lake la migomba, unaishia wapi, nitakwambia unaishia kwa jirani.

Mambo yote kwetu huja kwa waraka. Waraka hutoka Delhi kwa barua pepe. Bi Theopista, katibu wa Mkuu wa Shule, huuchapa na kuuweka kwenye faili jekundu, na Mkuu wa Shule, Madam Nambiar, huusoma mstarini kuanzia namba ya kumbukumbu hadi namba ya simu ya aliyesaini. Madam Nambiar hasomi skrini. Anasema skrini ina maneno, karatasi ina amri. Amekaa Moshi miaka kumi na moja na hajawahi kuutilia shaka waraka hata mmoja. Mwaka juzi ulikuja waraka wa kuzuia michezo ya nje kuanzia saa sita mchana kwa sababu ya joto kali. Ilikuwa Juni. Delhi walikuwa wanaungua. Sisi tulikuwa tumevaa masweta mawili mawili, na manyunyu yalikuwa hayajakatika wiki nzima. Tulikaa ndani wiki tatu, tunatetemeka, tukijikinga na joto.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwetu Delhi ni karatasi tu, na karatasi zinapatikana Pasua.

Nilikuwa na sababu ya kuandika waraka wangu. Mkosaji yeyote mwenye heshima huwa na sababu. Yangu iliitwa Sir Devassy, mwalimu wa hisabati wa darasa la tisa na la kumi, aliyekuja kutoka Kerala miaka miwili iliyopita na rula ya chuma na mwongozo wa usahihishaji. Katika mwongozo huo swali la alama nne halitafuti jibu. Linatafuta hatua. Kuandika ulichopewa, nusu alama. Kuandika unachotafuta, nusu alama. Kanuni, alama moja. Kuingiza namba kwenye kanuni, alama moja. Kurahisisha, nusu. Jibu lenyewe, lile ambalo maskini wewe ulidhani ndilo ulilotumwa, nusu alama.

Mtihani wa majaribio wa kwanza nilipata majibu yote, nikapata thelathini na tano kati ya themanini. Pembeni ya swali la tisa Sir Devassy aliandika kwa wino mwekundu: "Ulifikaje hapa?"

Nikamwandikia chini yake: "Kwa miguu, Sir."

Kwa jibu hilo nilipewa adhabu ya kufuta madirisha ya chumba cha walimu kwa wiki mbili, kila siku baada ya masomo na kila ninapokosa kazi. Nikiwa na kitambaa mkononi nilifikiri: laiti hawa wakubwa wangefanya mtihani huu wenyewe, wakapimwa kwa rula ileile.

Basi Jumamosi, siku ya matembezi, nikachukua waraka wa zamani, mimi na Jesse tukabaki na nembo, salamu na sahihi, tukabadilisha katikati. Jesse ni rafiki yangu, mwanafunzi wa kutwa, na shangazi yake huwa haangalii tunachochapa ilimradi tusimalize wino. Waraka ulikuwa kwa Kiingereza, kama kila kinachosemwa shuleni kwetu kabla ya saa tisa. Hapa nautafsiri, na maneno ya wakubwa nitayatafsiri pia, bila kuwatoza.

"Kwa Wakuu wa shule zote za ng'ambo. Mada: Uhakiki wa viwango. Bodi imesikitishwa kuona kwamba baadhi ya walimu wanafundisha wasichoweza kukifanya. Kwa hiyo kila mwalimu wa hisabati na sayansi kuanzia darasa la sita atafanya mtihani wa hisabati wa darasa la kumi, karatasi ya mwaka uliopita, ndani ya siku saba. Mkuu wa Shule atasahihisha mwenyewe kwa kufuata mwongozo bila huruma. Mwalimu atakayepata chini ya asilimia thelathini na tatu atasimamishwa kufundisha mara moja."

Sentensi ya mwisho niliiweka kwa ladha tu, kama pilipili kwenye kachumbari. Asilimia thelathini na tatu ndiyo alama yetu ya kufaulu, nami nikaona inaupa waraka sura ya ukweli. Jesse akasoma, akapiga mluzi.

"We Love, hii 'bila huruma' hawatashtuka kweli?"

"Hukuwahi kusoma waraka wa joto? Weka."

Jumatatu asubuhi Jesse, ambaye ni kiranja wa mahudhurio, alipeleka daftari ofisini kwa Bi Theopista kama kawaida, na faili jekundu likaongezeka uzito kwa karatasi moja.

Nilitegemea kicheko. Naapa nilitegemea kicheko. Nilifikiri Madam atafika kwenye "bila huruma", ataguna, atavua miwani, na shule nzima itapata hadithi ya kupeleka nyumbani likizo. Badala yake alisoma mpaka namba ya simu, akafunga faili, akasema: "Mtihani ni Jumatano saa tatu. Walimu wanaohusika wafike na kalamu mbili."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa biolojia alishika ukuta. Mwalimu wa fizikia, ambaye kila wiki hutuambia hofu ni ujinga, aliomba maji. Sir Devassy peke yake alitabasamu, akaigusa rula yake kwenye mfuko wa shati kama mtu anayemwambia mbwa wake atulie.

Nilisimama mstarini mdomo wazi, nikikitazama kilele cha Kibo kilichokuwa kimejitokeza asubuhi hiyo. Nilikuwa nimeokota jiwe dogo kumrushia mtu mmoja, na sasa mlima mzima unateremka.

Hata hapo sikumfikiria Mwalimu Ndelilio.

Mwalimu Ndelilio anafundisha hisabati darasa la sita hadi la nane, mwaka wa kumi na tisa sasa. Ndiye pekee asiyetaka kuitwa Sir. Baba yake alikuwa mpima kahawa kwenye chama cha ushirika huko Machame, na yeye akiwa mtoto alisimama kando ya mizani akitaja jumla kabla karani hajafungua kalamu. Wakulima walikuwa wakimwamini yeye kuliko karatasi. Anafundisha hivyohivyo. "Fungeni vitabu. Fungeni macho. Mama Elisifa ameleta magunia matatu ya kilo hamsini na saba na nusu, na gunia moja lina unyevu, tunapunguza sehemu ya ishirini. Nani anaona?" Alisema "nani anaona", siyo "nani anajua". Nasi tuliona. Namba zilikuja zenyewe gizani, zikajipanga, zikajigawa. Mimi niliyefika darasa la sita nikiamini kwamba sehemu ni adhabu, nilitoka darasa la nane nikifanya hesabu kama mtu anavyokula karanga.

Ana stashahada ya ualimu ya zamani, ya hapahapa nchini, ng'ombe mmoja wa maziwa nyumbani kwake kule Rau, na sauti nzito ya kwaya ya usharika. Mtu wa namna hiyo kufeli hesabu? Ningeanza kuwaza samaki kuzama.

Jumatano mtihani ulifanyika kwenye chumba cha walimu. Niliona madirisha ya pale yamechafuka sana. Walimu saba walikaa mbalimbali, na Madam Nambiar mbele yao na saa ya mezani. Dakika ya hamsini Mwalimu Ndelilio alisimama, akakunja karatasi yake mara moja.

"Madam, naomba ruhusa. Ng'ombe wangu anakaribia kuzaa, nimemwacha na mke wangu peke yake."

"Mwalimu, zimebaki saa mbili na dakika kumi."

"Nimemaliza, Madam."

Alipopita dirishani aliniona. "Loveness! Kioo hicho kitatoboka."

"Shikamoo, Mwalimu. Mtihani ulikuwaje?"

"Marahaba. Ulikuwa mzuri. Swali la kumi na nne lilinichekesha, walizungusha barabara nzima kumbe nyumba iko hapo." Akaondoka anapiga mluzi wa pambio. Nikafurahi. Huo ndio ujinga niliokuwa nao siku ile: nilifurahi.

Alhamisi saa kumi walimu saba waliitwa kusikia matokeo, mlango ukafungwa. Madirisha, kwa bahati, ni ya zamani na hayafungi vizuri.

Sir Devassy: themanini kati ya themanini. Nilimuona ameinamisha kichwa kama anayepokea shada. Fizikia: sitini na moja. Biolojia: arobaini na nne, akajipangusa macho kwa furaha. Wengine wakapita. Kisha Madam Nambiar akageuza karatasi ya mwisho.

"Mwalimu Ndelilio. Ishirini na sita."

Kitambaa kikanidondoka ndani ya ndoo.

"Ishirini na sita kati ya ngapi, Madam?" aliuliza Mwalimu, kwa upole kabisa.

"Themanini."

"Majibu yalikosewa?"

"Hakuna jibu lililokosewa. Nimehakiki mara mbili. Lakini umeandika majibu tu, na pengine mstari mmoja. Mwongozo unatoa nusu alama kwa jibu. Hatua hazipo."

"Hatua zilikuwepo kichwani, Madam."

"Kichwa hakikuambatanishwa na karatasi, Mwalimu."

Hakusema kwa kejeli. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kipimo cha hospitali. Ishirini na sita kati ya themanini ni asilimia thelathini na mbili na nusu, na hesabu hiyo nilishaifanya kabla ya ndoo kutulia. Mwalimu naye alishaifanya, maana alisema polepole: "Nusu. Imebaki nusu."

Hapo nilipata mshtuko wa pili. Aliyesimama kumtetea alikuwa Sir Devassy.

"Madam, thelathini na mbili na nusu tunaijongeza hadi namba nzima. Inakuwa thelathini na tatu. Kila mahali wanafanya hivyo."

"Waraka hausemi kujongeza, Sir."

"Haukatazi pia. Mtu amepata majibu yote! Mimi niliyapata kwa kurasa kumi na sita, yeye kwa mbili. Nimekaa na karatasi yake tangu uliponionyesha mchana, sijaelewa swali la kumi na nne alilifanyaje."

"Unaniambia nini, Sir? Kwamba tuwakate watoto alama kila siku kwa kukosa hatua, halafu mwalimu wao tumwachie?" Madam aligonga meza. "Kama Delhi wangetaka tujongeze, wangesema."

Delhi, ambaye alikuwa nje ya dirisha amelowa magoti, hakuwa na la kusema.

Mwalimu Ndelilio hakubishana. Aliinuka, akauliza kama darasa la saba lina mwalimu kesho. Akaambiwa litapangiwa. Akasema sawa. Alipotoka hakuona dirisha wala aliyekuwa dirishani, na huyo ni mtu ambaye hajawahi kunipita bila utani.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuingia palepale na kusema. Mtu mwema angeingia. Mimi niliona njia ya pili, fupi, nzuri, isiyo na aibu yoyote, na nikakimbia nayo hadi langoni kabla gari la wanafunzi wa kutwa halijaondoka. Nikamsukumia Jesse kikaratasi.

"Kesho asubuhi. Nembo ileile."

Alisoma, akanitazama. "Love, tuache. Hii sasa siyo mchezo."

"Ndiyo maana. Mwalimu Ndelilio wamemwondoa. Andika!"

Rangi ikamtoka. Alikuwa amefundishwa na Mwalimu huyohuyo. Hakuuliza tena.

Waraka wangu wa pili ulikuwa mfupi na mzuri. "Nyongeza kwa waraka uliotangulia. Katika uhakiki wa walimu, nusu asilimia itahesabiwa kuwa asilimia kamili." Usiku ule nililala kama mtoto. Nilijisifu hata kwa ufupi wake.

Ijumaa saa nne, katikati ya kipindi cha historia, Bi Theopista alikuja mlangoni. Hakutaja jina. Alinitazama tu, akaelekeza kidevu ofisini.

Madam Nambiar alikuwa amekaa. Sir Devassy alikuwa amesimama karibu na kabati. Mezani palikuwa na karatasi tatu.

"Kaa, Loveness." Hii pekee ilitosha kunitisha. Ofisini kwake wanafunzi hawakai. "Nataka unisaidie jambo la kiutawala. Tangu mwaka juzi nimewaandikia Delhi mara nne kuhusu kutambua somo la Kiswahili. Wamejibu mara moja, baada ya miezi saba, wakaniambia barua imepokelewa. Umesikia?"

"Ndiyo, Madam."

"Jana saa kumi, tukiwa watu wanane kwenye chumba kilichofungwa, tulibishana juu ya nusu asilimia. Sikumwandikia mtu. Sikumpigia mtu simu. Leo saa tatu asubuhi, Delhi imetoa waraka juu ya nusu asilimia." Akaiweka mbele yangu karatasi ya kwanza. "Delhi wanasikia vizuri siku hizi. Nimejiuliza wamesimama wapi."

Sir Devassy alikohoa. "Dirisha la tatu kutoka mlangoni," alisema. "Linang'aa kuliko mengine yote."

Nilifungua mdomo kutoa utetezi. Ninao mwingi, huwa natembea nao. Lakini Madam alikuwa ameshasukuma karatasi ya pili, ambayo ilikuwa waraka wangu wa kwanza, na juu yake ya tatu, iliyoandikwa kwa mkono, kwa herufi za mviringo ninazozijua tangu darasa la sita.

"Isome hiyo. Kwa sauti."

Ilikuwa ya Mwalimu Ndelilio. Alikuwa amemwachia mlinzi saa kumi na mbili asubuhi. "Madam, sitaweza kusimama mbele ya watoto kufundisha somo nililofeli. Naomba kuacha kazi. Chaki na kabati nimeviacha katika hali nzuri. Asanteni kwa miaka kumi na tisa."

Nilifika kwenye "somo nililofeli" nikaishusha karatasi. Nilikuwa nimedhani kwamba hatari ni Madam kumwondoa, na nusu asilimia ingemrudisha. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba angejiondoa mwenyewe. Kwamba yule mtu wa mizani angeamini karatasi.

"Ni mimi, Madam," nilisema. "Zote mbili. Ya kwanza nilitaka kumkomoa Sir. Ya pili nilitaka kuirekebisha ya kwanza."

"Nani alichapa?"

"Mimi."

"Wewe ni wa bweni. Jana jioni ulitokaje?"

"Madam, naomba tuendelee na swali linalofuata."

Kwa sekunde moja nilidhani atanipiga. Hakunipiga. Alivua miwani, akaziba macho kwa kiganja. Alipozungumza, hakuwa anazungumza nami.

"Nilikuwa namwondoa mtu kwa maneno ya mtoto. Niliyasoma mstarini. Nilisoma mpaka namba ya simu."

"Tungeweza kuipiga," alisema Sir Devassy taratibu. "Hatujawahi kuipiga hata siku moja."

"Theopista!" Madam alisimama. "Mwite dereva. Tunakwenda Rau. Na wewe," akaniambia, "hutaniomba msamaha mimi. Bado sijaamua la kukufanya. Utakwenda kumwambia yeye, kwa mdomo wako, nami nitasimama pale nisikie."

Tulikwenda na pikapu ya shule, Madam mbele na dereva, mimi na Sir Devassy kwenye kiti cha nyuma. Tukaukaribia msitu wa Rau. Hapo Sir akaniuliza, bila kunitazama: "Swali la kumi na nne. Wewe unaweza kulifanya kwa njia yake?"

"Ndiyo, Sir."

"Siku moja utanionyesha," akasema, akageukia dirishani.

Mwalimu Ndelilio alikuwa nyuma ya nyumba, kando ya banda, anakatakata mgomba kwa panga kulisha ng'ombe. Alikuwa amevaa shati la kazini, lile la Ijumaa, na viatu vya kazini vilivyopigwa rangi. Aliamka, akavaa, akafika langoni kwa mlinzi, halafu akageuka. Ndani ya banda ndama wa siku mbili alikuwa anajaribu miguu yake. Mke wake alitukaribisha, akaleta viti, akaona nyuso zetu, akarudi jikoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Loveness." Alijaribu kutabasamu. "Mmefuata ndama?"

"Loveness ana neno," alisema Madam. Hakukaa.

Nikamwambia. Nilieleza yote, Pasua, nembo, pilipili ya asilimia thelathini na tatu, daftari la mahudhurio, dirisha. Nilimwambia hakuna Delhi iliyoagiza chochote. Madam akatoa ile barua ya kuacha kazi, akaichana mara mbili mbele yake, akasema kazi yake iko palepale na darasa la saba linamngoja Jumatatu, na kwamba yeye kama Mkuu anaomba radhi. Sijawahi kumsikia akiomba radhi. Nilidhani kila kitu kimekwisha, na nikaanza hata kupumua.

Mwalimu aliendelea kukata mgomba. Vipande vilikuwa sawasawa, unene mmoja.

"Na maswali?" aliuliza. "Maswali uliyatunga wewe?"

"Hapana, Mwalimu. Ile ni karatasi halisi. Ya mwaka jana."

"Na mwongozo?"

"Mwongozo pia ni wenyewe."

"Basi nilifeli kweli," alisema.

Sir Devassy alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hukufeli, Mwalimu!" nilisema. "Ulipata majibu yote!"

"Nimeuliza kitu kingine." Panga likasimama. "Mimi nafundisha sita, saba, nane. Mnatoka kwangu mnakwenda kwake Sir. Mnafanya kama nilivyowafundisha. Karatasi ni hiyo, mwongozo ni huo." Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona anaogopa jibu la hesabu. "Loveness. Wewe kwenye majaribio ulipata ngapi?"

Ninajua kudanganya. Ni kipaji, walimu wamekitaja kwenye ripoti zangu. Ningeweza kusema sabini, na Sir Devassy, naamini, asingenipinga.

"Thelathini na tano."

"Majibu?"

"Yote sahihi."

"Na wenzako niliowafundisha?"

"Wapo kumi na wanne hivyohivyo. Kwenye darasa la watu ishirini na wawili."

Alivuta kigoda, akakaa, panga magotini. Ng'ombe alinyoosha shingo akachukua kipande cha mgomba mkononi mwake, naye hakuona.

"Mwaka jana," Sir Devassy alisema polepole, "niliwauliza darasani. Nani aliwafundisha kuruka hatua. Walisema hakuna. Walisema ni uvivu wao."

"Darasa zima lilisema hivyo?" aliuliza Mwalimu. "Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia nibadilishe? Ningebadilisha. Ni jambo la wiki mbili tu, kuwaonyesha kuandika wanachokiona."

Madam Nambiar alinitazama. Nadhani alishajua.

"Walitaka kuja, Mwalimu," nilisema. "Stella wa darasani kwetu alikuwa ameshafika mlangoni kwako. Mimi ndiye niliyemrudisha. Niliwaambia wote wanyamaze, kwamba wakikwambia utaanza kufundisha kama wengine, na atakayesema nitamfanyia kitu ambacho hatakisahau. Wakaniogopa. Ni mimi, Mwalimu. Hilo halikuwa utani, na ndilo baya zaidi. Ni mimi."